Ukuta Usiofika Dari: Istilahi za Ngazi katika Programu za Kusanifia Nyumba

Kutia Kiswahili katika programu za kompyuta si jambo geni tena. Tangu mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, wafasiri wetu wamekwisha kuzoea maneno kama faili, hifadhi na chapisha. Maneno ya ofisi yana nafuu yake: mtu akikosea kutafsiri amri ya kuhifadhi, hasara ni barua iliyopotea. Programu za kusanifia nyumba hazina nafuu hiyo. Neno lililomo katika programu hizo huchapwa pamoja na ramani, likaenda mpaka mikononi mwa fundi, na fundi akajenga kama lilivyosema.

Mathalani, programu itolewayo bure iitwayo Sweet Home 3D, kazi ya Mfaransa Emmanuel Puybaret, humwezesha mtu asiye mhandisi kuchora ramani ya nyumba yake na papo hapo kuiona imesimama kwenye kioo, pamoja na kuta, milango na ngazi zake. Ramani ya aina hiyo nilionyeshwa Mpitimbi, wilayani Songea. Huko, kama katika sehemu nyingi za mkoa wa Ruvuma, nyumba aghalabu ni za chini, za matofali ya kuchoma na bati, na ngazi ni vipandio viwili vitatu vya kupandia barazani. Ramani hii ilikuwa ya nyumba ya ghorofa moja, imechorwa na kijana wa familia aishiye mjini. Kando ya ngazi, mahali pengi, paliandikwa “ukuta wa sehemu”. Fundi, mzee wa makamo, aliisoma mara mbili kisha akauliza: “Sehemu ipi, mwanangu?”

Swali hilo ni la haki. Aliyetafsiri alikusudia ukuta usiofika dari, yaani ule unaozunguka tundu la ngazi ghorofani ili watu wasitumbukie. Maneno aliyoyaandika hayasemi hivyo. Fundi aweza kudhani kwamba ukuta ujengwe upande mmja tu wa tundu, au kwamba ni sehemu ya ukuta mwingine uliokwisha kuchorwa. Akichagua dhana ya kwanza, pande zilizobaki zitakuwa wazi, na nyumbani mna watoto.

Kabla ya kuufikia ukuta wenyewe, yafaa tuondoe vikwazo viwili vilivyotangulia.

Cha kwanza ni neno ngazi. Watumishi wa Serikali wamelizoea katika maana ya daraja la utawala: ngazi ya kata, ngazi ya wilaya. Mfasiri aliyetoka katika nyaraka hizo akikuta amri ya kuongeza tabaka jingine la nyumba, upesi ataandika “Ongeza ngazi”. Mtumiaji akiibonyeza akitazamia kupata vipandio, ataletewa ghorofa tupu. Hapa hapana haja ya kubuni chochote. Tabaka la nyumba liitwe ghorofa, na ngazi ibaki kuwa kile tunachopandia. Wenzetu wanaosema orofa wataelewa bila taabu.

Cha pili ni kigumu zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku urefu ni wa kulala na wa kusimama: barabara ni ndefu, na mnazi nao ni mrefu. Programu haikubali ukarimu huo. Huuliza ukuta una urefu gani kutoka pembe hadi pembe, una unene gani, tena unasimama kiasi gani kutoka sakafuni, na kila swali lina kisanduku chake. Kwa sababu hiyo “ukuta mfupi” haufai kuwa istilahi, kwani haujulikani kama ni mfupi wa kwenda mbele au wa kwenda juu. Walimu wa hesabu walikwisha kutusaidia. Mwanafunzi wa shule ya msingi hupata eneo la pembetatu kwa nusu ya kitako mara kimo. Kimo, ambacho zamani kilihusu zaidi umbo la mtu, kimekaa vyema darasani. Hapana sababu ya kukiacha nje ya ramani. Urefu uwe wa kulala, kimo kiwe cha kusimama.

Sasa tuutazame ukuta. Nimekwisha kuona tafsiri kadhaa, na karibu zote zina walakini. “Ukuta usiokamilika” ni mbaya kuliko zote. Katika nchi ambayo watu hujenga kidogo kidogo, wakasimama kwenye lenta wakingoja mavuno au mshahara, ukuta usiokamilika una maana moja tu: fedha imekwisha. “Nusu ukuta” hudai hesabu isiyokuwapo. Ukuta wa kawaida katika programu niliyoitaja huanza na kimo cha sentimita 250. Nusu yake ni 125, na hicho sicho kimo anachokitaka mchoraji. “Kikuta” kina uzuri wa kuwa neno moja, lakini kiambishi cha udogo hupunguza kila kitu kwa pamoja, kimo na unene pia, na yumkini fundi akajenga kitu chembamba kitakachoanguka mtu akikiegemea. Tena kina harufu ya dharau.

Mzee wa Mpitimbi, alipokwisha kuelezwa, alisema tu: “Kumbe ukuta wa kiunoni.” Nakiri kwamba kwa uzuri wa lugha sijapata tafsiri iliyolipita neno hilo. Limetoka pale pale yalipotoka maji ya magoti na maji ya shingo, na kila msikilizaji huona kimo chake kwa macho ya moyo. Katika mazungumzo ya kazini liachwe litumike. Walakini istilahi ya ramani itaulizwa: kiuno cha nani? Nchini Uingereza kanuni za ujenzi hutaka kinga ya ngazi ndani ya nyumba ya kuishi isipungue sentimita 90, na kanuni mfano za Marekani hutaja inchi 36, ambazo ni kama sentimita 91. Vipimo hivi havikutokana na kiuno cha mtu mmoja.

Ninapendekeza basi ukuta huu utajwe kwa kazi yake, na kimo chake kitajwe kwa tarakimu: ukuta kinga wa ngazi, kimo sm 90. Neno kinga humwambia fundi kwa nini ukuta upo, hivyo hawezi kuacha upande ulio wazi akidhani ni pambo. Anayejenga kwa tofali za saruji zenye kimo cha inchi 9 aweza kukisia: kila kozi, pamoja na saruji ya kuunganishia, huja karibu sentimita 25, na kozi 4 humpa mita 1, ambayo imevuka kipimo hicho. Katika programu mchoraji atachagua ghorofa ya juu, atazungusha kuta pembeni mwa tundu, akiacha mahali pa kutokea tu, kisha kwenye kisanduku cha kimo atafuta 250 na kuandika 90.

Lakini si kila ukuta usiofika dari karibu na ngazi ni ukuta kinga. Upo ule unaoziba pembetatu iliyo chini ya ngazi, ili pawe stoo au pasikae takataka. Kiswahili kinalo neno uvungu, ambalo wengi tumelifungia chini ya kitanda. Na lifunguliwe, tuseme ukuta wa uvungu wa ngazi. Ukuta huu huchorwa katika ghorofa ya chini, nao huwa na vimo viwili, kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho, kwa sababu sehemu yake ya juu hufuata mwinamo wa vipandio. Maseremala husema kukata hanamu, nasi twaweza kuuita kwa jumla ukuta wa hanamu. Fundi hatashangaa, kwa kuwa kila nyumba ya paa la migongo miwili ina kuta mbili za namna hiyo zinazobeba bati.

Mapendekezo haya ni ya mwandishi. Hayajasanifiwa na Baraza. Limebaki tundu lenyewe, ambalo programu hulitoboa mara ngazi inapofika sakafu ya juu. Tundu linafahamika, ila wapo wanaoona kuwa ni la panya na la sindano, nao hupendelea uwazi wa ngazi. Walimu wa ujenzi katika vyuo vya ufundi stadi wanaombwa watuandikie neno wanalolisikia kwa wanafunzi wao, wakitaja na mkoa.