Kwa nini santuri bado zinatafutwa, na ufanye nini na zile zilizo nyumbani

Kila tunapopiga nyimbo za zamani Jumapili mchana, ujumbe wa simu huanza kuingia. Wengi hutuma salamu. Lakini hawakosi wawili watatu wa kulalamika: rekebisheni mitambo yenu, redio inakaanga. Juzi msikilizaji mmoja alituuliza kama mvua imeingia studio.

Mitambo ni mizima. Mnachosikia ni santuri. Ule mlio kama wa mafuta ya kuchomea maandazi ni vumbi na mikwaruzo ya miaka hamsini, na tunauvumilia kwa sababu baadhi ya nyimbo hizo hatuna kwa njia nyingine yoyote. Hazimo kwenye kompyuta yetu. Ukizitafuta kwenye intaneti huzipati, au unapata iliyonakiliwa kutoka santuri ya mtu mwingine, yenye mikwaruzo kuliko ya kwetu.

Basi leo tueleze kitu hiki ni nini na kwa nini watu bado wanakitafuta, maana wengine wenu mna sanduku la santuri juu ya kabati la marehemu babu na hamjui mlifanyie nini.

Wimbo uliochongwa

Chukua santuri uitazame kwenye mwanga. Utaona kama pete nyingi, moja ndani ya nyingine. Si pete nyingi. Ni mfereji mmoja tu, mwembamba sana, unaoanza ukingoni na kuzunguka taratibu hadi katikati. Kwenye santuri kubwa ya sentimita 30, inayocheza kama dakika 20 kila upande, mfereji huo ukinyooshwa unapita mita 400, yaani viwanja vinne vya mpira vikipangwa mstari.

Kuta za mfereji huo si laini. Zina mawimbi madogo mno, na mawimbi hayo ndiyo wimbo wenyewe. Mwimbaji alipopaza sauti studio, hewa ilitikisika. Mtikisiko ukageuzwa umeme, na umeme ukaendesha kisu kidogo kilichochonga mtikisiko uleule kwenye sahani laini. Kutokana na sahani hiyo kulitengenezwa mihuri ya chuma, na mihuri ndiyo iliyokandamiza plastiki ya moto kiwandani na kutoa santuri moja baada ya nyingine. Nyumbani mambo hurudi kinyume: sindano inapita mferejini, inatikiswa, mtikisiko unazaa umeme kidogo sana, amplifaya inaukuza, spika inaitikisa hewa ya sebuleni kwako.

Gramafoni za kuzungusha kwa mkono hazikuhitaji hata umeme huo. Springi ilizungusha sahani, sindano ya chuma ikatikisa kiwambo chembamba, pembe ikapaza sauti. Ndiyo maana muziki wa kurekodiwa ulifika vijijini zamani sana kabla ya nguzo za umeme, na kwingine nguzo zenyewe hazijafika hadi leo.

Kutoka Bombay hadi Nairobi

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay, Mumbai ya leo, kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya HMV. Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Aliyekulia kwenye taarabu anajua dakika tatu ni nini: ni muda wa kuinuka, kumtunza mwimbaji na kurudi kukaa. Wimbo ulilazimika kufupishwa ili uenee kwenye sahani.

Sahani hizo hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa gundi inayotolewa na wadudu wadogo wa mitini huko India na nchi jirani, ikachanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, na ukiiangusha moja inavunjika kama chungu. Santuri za plastiki, zinazoitwa vinili, zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 zikiwa kubwa za mizunguko 33 kwa dakika. Mwaka uliofuata zikaja ndogo za mizunguko 45, zile za sentimita 18 ambazo wengi wenu ndizo mnazozijua.

Hizo ndogo ndizo zilizotengeneza muziki wetu. Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na studio na mitambo ya kutoa santuri, na River Road ilijaa maduka na wenye lebo ndogo ndogo. Tanzania ilikuwa na bendi kubwa lakini haikuwa na mitambo hiyo. Redio Tanzania ilirekodi bendi nyingi kwenye kanda, lakini kanda hizo zilikusudiwa kurushwa hewani. Bendi iliyotaka santuri dukani ilipanda basi kwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya hivyo, na wimbo wake wa Shida ukawa maarufu Kenya kama nyumbani. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kinachozunguka leo cha sauti yake, sehemu kubwa kimetoka ama kwenye kanda za redio ama kwenye santuri zilizokandamizwa Nairobi.

Kisha zikaja kaseti. Kaseti mtu aliweza kuinakili nyumbani, na wauzaji wa barabarani wakazinakili kwa mamia bila kumlipa msanii. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 biashara ya santuri Kenya ilikuwa imekwisha.

Geuza upande wa pili

Hapa tuseme jambo ambalo simu haiwezi kukupa. Nyimbo nyingi za dansi na benga za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo. Kwa hiyo zilikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Sehemu ya kwanza ni maneno, kisa kinaelezwa, mwimbaji analia na dunia. Magitaa yanaanza kupanda, na papo hapo sauti inafifia. Kimya. Inabidi mtu ainuke, anyanyue mkono wa sindano, ageuze santuri, aishushe tena polepole. Ndipo solo na rithimu zinachemka na hakuna anayekaa.

Wazee wetu hapa kituoni wanasema ule ukimya wa kugeuza ulikuwa sehemu ya wimbo. Watu walibaki wamesimama katikati ya uwanja, vumbi likitulia, wakimsubiri mwenye mashine. Mwenye mashine alikuwa mtu mkubwa siku hiyo, na alijua.

Leo unafungua simu, unasikiliza nusu dakika, unarusha mbele. Hatulaumu, nasi tunafanya hivyohivyo. Lakini santuri inakataa kurushwa. Ukitaka kuruka wimbo lazima uinuke, na kwa kuwa kuinuka ni kazi, unasikiliza, hata ule wimbo ambao usingeuchagua. Hatudhani kuna sababu kubwa kuliko hiyo ya vijana wa Ulaya na Marekani kuzirudia. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri mpya takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuipita CD kwa idadi.

Wapo wanaosema santuri ina sauti bora kuliko vyote. Tuwe wakweli: kwa vipimo, CD ni safi zaidi. Santuri ina mvumo, inachakaa kila ikichezwa, na nyimbo za karibu na katikati hupoteza ukali kwa sababu huko mfereji hupita chini ya sindano polepole zaidi. Ila safi na tamu si kitu kimoja, na besi ya gitaa kutoka santuri nzuri kwenye spika nzuri ina uzito ambao spika ya simu haitaupata kamwe.

Jambo la mwisho ni umiliki. Wimbo ulio kwenye programu ya simu unaweza kuondolewa usiku mmoja kampuni zikikosana, na bila bando huusikii. Santuri ni yako. Unaweza kuiazima kwa jirani, na ukaikosa.

Lile sanduku la babu

Sasa turudi nyumbani. Kuna watu wanaozunguka kununua santuri kuukuu, na wanunuzi wa nje wanazitaka sana ndogo za Afrika Mashariki. Si kosa kuuza. Kosa ni kuuza sanduku zima kwa bei ya kilo ya sukari bila kujua ndani mna nini. Huenda zilizomo nyingi ni za kawaida, na moja ndiyo pekee iliyobaki ya bendi ya kijijini kwenu.

Kabla ya kuuza au kutupa, fanya hivi. Piga picha karatasi ya katikati, pande zote mbili, herufi zisomeke. Kama karatasi imeliwa na mchwa, tazama ile sehemu laini kati ya mwisho wa mfereji na karatasi: pana namba na herufi zilizogongwa au kukwaruzwa kiwandani. Namba hiyo inaweza kuutambulisha wimbo hata jina likiwa limepotea.

Zisimamishe kama vitabu, usizilaze kwa rundo, na uziweke mbali na bati la moto na dirisha. Jua la mchana mmoja linatosha kuipinda santuri ya plastiki ikawa kama chapati. Kuosha, tumia maji safi yenye sabuni kidogo sana na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mfereji, bila kulowesha karatasi. Zile nzito za 78 usizipake spiriti hata tone, spiriti inayeyusha ile gundi.

Na usiiweke santuri ya plastiki kwenye gramafoni ya mkono. Sindano ile ya chuma ni nzito na itaulima mfereji kama plau. Hata mashine ya umeme ikikaa miaka bila kutumika, badilisha sindano kwanza. Sindano ni kitu kidogo, mfereji ukishaharibika hauponi.

Ukiweza kumfikia mwenye mashine nzuri, nakilini wimbo kwenye kompyuta, mara moja na vizuri, kisha ibaki imehifadhiwa. Nairobi wapo Ketebul Music, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya na kuandika historia ya muziki wa zamani. Na sisi hapa tukiletewa santuri tunainakili na kuirudisha kwa mwenyewe, maana hatutaki kujaza kabati letu kwa kuacha lenu tupu.

Tunayo moja ya kwetu inayotusumbua. Ni ndogo ya 45, karatasi imeliwa pande zote, namba inasomeka nusu. Sauti ni ya mwanamume, gitaa ni la benga, na anamtaja mtu wa Kericho aliyeondoka na ng'ombe wake wawili. Sehemu ya kwanza iko sawa. Upande wa pili una ufa, na sindano inaruka pale magitaa yanapoanza kupanda. Jumapili hii tutapiga upande wa kwanza mara tu baada ya taarifa ya saa saba. Ukiitambua sauti hiyo, tuandikie, na kama unayo nzima, tafadhali usiiuze kabla hatujaongea.