Ukuta wa ‘marumaru’ ya rangi: kwa nini mwingine unadumu na mwingine unabanduka

Mitandaoni picha zinavutia: ukuta wa nyuma ya televisheni unang'aa kama jiwe la marumaru, kumbe ni rangi tupu. Inawezekana kabisa. Ila kabla hujatoa advansi, kuna kitu cha kukagua ambacho hakionekani kwenye picha.

Ujanja wenyewe si wa juzi. Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, bado una kuta za plasta zilizopakwa rangi zionekane kama mawe ghali.

Inafanyikaje?

Siri iko kwenye matabaka. Chini inakaa rangi nyeupe au ya maziwa yenye mng'ao kidogo. Isipokuwa na mng'ao, inafyonza tabaka la juu na kuacha mabaka.

Ikikauka, inafuata glezi: kimiminika kinachopitisha mwanga na kuchelewa kukauka. Kinachanganywa na rangi kidogo, mara nyingi sehemu 4 za glezi kwa 1 ya rangi. Mwanga ukipenya na kurudi, jicho linaona kina, kama unatazama ndani ya jiwe. Kuzimua rangi kwa maji pekee hakuleti kitu hicho, na inachuruzika.

Glezi ikiwa bado mbichi, fundi anaigonga kwa sponji au kitambaa kilichokunjwakunjwa ipate mawingu. Mishipa ya jiwe inachorwa kwa brashi nyembamba au unyoya, huku ukizungushwa vidoleni ili mstari utetemeke. Kisha brashi laini, kavu, inapitishwa juu kufifisha kingo. Mishipa iende mshazari, mingine ipotelee njiani. Ikipangwa kwa nafasi sawa, ukuta unafanana na shuka.

Kwenye joto la Dar au Mombasa, glezi inakauka haraka. Ndiyo maana kazi nzuri hufanywa na watu wawili, mmoja anapaka na mwingine anachora, kipande kidogo kidogo, feni imezimwa.

Tatizo liko chini

Marumaru ya rangi haizibi unyevu. Maji yakipanda kutoka kwenye msingi, au bomba likivuja ndani ya ukuta, yanabeba chumvi hadi juu. Utaona unga mweupe, kisha malengelenge, kisha rangi inatoka kama ngozi. Kupaka rangi ya mafuta kuficha hali hiyo kunaongeza balaa, maana unyevu unakosa pa kutokea.

Kipimo chake ni cha bei poa. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote kwa tepu, kiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani. Rekebisha chanzo kwanza. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba.

Plasta mpya ya saruji nayo isubiri takriban siku 28. Na kama unakwangua rangi ya zamani, usipige msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kabla ya kumlipa fundi

Ukuta huu hauzibiki kiraka. Fundi umeme akitoboa pa soketi mpya, mara nyingi unarudia ukuta mzima, kwa sababu hata fundi yuleyule hawezi kuurudia mkono wake. Kwa hiyo malizia nyaya na mabomba kwanza.

Mwombe pia achore sampuli kwenye kipande cha jipsamu, si picha ya simu. Kiegemeze sebuleni, ukitazame mchana, halafu usiku taa zikiwa zimewaka. Taa ya manjano inaweza kugeuza kijivu ulichokipenda kikaonekana kama uchafu.