Afya ya Kinywa, Sehemu ya Pili: Jeraha la Gego na Mvuke wa Sigara

Katika makala iliyotangulia tulieleza namna gego la mwisho linavyochelewa kuota, aghalabu baina ya umri wa miaka 17 na 25, likalikuta taya limekwisha kujaa, likalala ubavu na kuusumbua ufizi mpaka tabibu akaona hapana budi litolewe. Leo twaendelea na hali ya mgonjwa aliyekwisha kuinuka kitini na kurudi nyumbani, na tutaanza na suala ambalo vijana hawaachi kuliuliza: je, mtu aliyezoea vepu, yaani sigara ya elektroniki itoayo mvuke, aweza kuivuta ilhali jeraha lake lingali bichi?

Jawabu lataka tulitazame jeraha lenyewe. Jino linapong'oka huacha shimo ndani ya mfupa wa taya, shimo hilo hujaa damu, na damu hiyo, mgonjwa akiuma kitambaa cha gozi kwa nusu saa au zaidi kama alivyoagizwa, huganda ikawa donge jekundu lenye weusi, laini, ambalo hata ulimi waweza kuliharibu. Donge hilo si uchafu wala si masazo ya upasuaji. Ndilo linaloufunika mfupa na ncha za mishipa ya fahamu, na ndimo mwili unamoanza kujenga nyama mpya, na baada ya nyama, mfupa. Ifikapo siku ya tatu hivi, uso wake huingia weupe uliochanganyika na umanjano, na hapo wengi huhadaika wakadhani ni usaha, wakalichokoa kwa kijiti mbele ya kioo, wakajitia wenyewe katika msiba ambao mwili wao ulikuwa umekwisha kuukinga.

Msiba huo ni tundu kavu, uliokwisha kuandikwa katika vitabu vya utabibu wa meno tangu mwaka 1896. Donge likiyeyuka au likibanduka kabla ya wakati, mfupa hubaki uchi, na maumivu huanza baina ya siku ya pili na ya nne, yaani wakati uleule mgonjwa alipotarajia nafuu. Hupanda mpaka sikioni, hayasikii vidonge vya kawaida, na kinywa hutoa harufu mbaya. Katika ung'oaji wa kila siku huwapata watu wachache, 1 hata 5 katika kila 100, lakini kwa magego ya mwisho ya taya la chini, hasa yaliyozama mfupani, hesabu yaweza kupanda ikakaribia 30 katika 100.

Sasa tukiangalie kifaa. Sigara ya elektroniki, kama ilivyobuniwa nchini China na Hon Lik mwanzoni mwa karne hii, haiunguzi tumbaku. Huchemsha kwa nguvu ya betri maji yenye gliserini, manukato na, mara nyingi, nikotini. Kwa kuwa hapana moto, mvutaji hujiona amesalimika, na kwa sehemu ni kweli, maana hewa ya sumu itokayo katika kuungua kwa tumbaku, ile inayoinyima damu oksijeni, hapa haimo. (Wenye kudhani kuwa shisha ni nduguye vepu wajue kwamba makaa yake huitoa hewa hiyo kwa wingi, na maji ya chupa hayaizuii.) Lakini madhara mawili yamebaki palepale. La kwanza ni kule kuvuta kwenyewe: midomo hufumba, mashavu yakabonyea, hewa ya kinywani ikapungua, na donge likanyonywa kutoka mahali pake, kama inywewavyo soda kwa mrija, na hili halijali kama ndani ya mvuke mna nikotini au hamna. La pili ni nikotini, ambayo huibana mishipa midogo ya damu, hata ufizi ukakosa damu ya kutosha kwa kujiponya. Juu ya hayo, mvuke una joto na hukausha kinywa, ilhali jeraha lahitaji unyevu wa mate.

Kwa hiyo hapana namna ya kuvuta iliyo salama katika siku za mwanzo. Usalama u katika kungoja. Madaktari wa meno aghalabu huweka saa 72 kuwa kikomo cha chini kabisa, wengine huagiza wiki nzima, nami naliona agizo hili la pili kuwa la haki zaidi kwa aliyepasuliwa taya la chini na kushonwa nyuzi. Wapo wanaoziba shimo kwa gozi ndipo wavute. Gozi haliizuii nikotini inayoingia katika damu kwa njia ya mapafu, na likitolewa kwa haraka laweza kuondoka na donge. Aliyelemewa na uraibu amweleze daktari kabla ya siku ya kung'oa, amwulize habari za plasta ya nikotini ibandikwayo ngozini, kwani japo nayo ina nikotini, haina mnyonyo. Na anayetumia kifaa hicho kwa bangi asifiche, hata kama sheria na aibu zinamfunga ulimi: bangi huuendesha moyo mbio, na ganzi ya meno mara nyingi imetiwa adrenalini iendeshayo moyo vilevile.

Baada ya muda huo, anayerejea na aanze kwa pumzi fupi za taratibu, joto la kifaa likiwa chini, kisha asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai katika bilauri, akiyaacha yamwagike yenyewe, maana kutema kwa nguvu nako hulivuta donge.

Ikiwa maumivu yamezidi badala ya kupungua, arudi kwa daktari siku ileile. Huko shimo litaoshwa na kuwekwa dawa ambayo mara nyingi asili yake ni mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zimelilisha ulimwengu kwa karne mbili karibu. Lakini asiyamimine mwenyewe nyumbani: mafuta matupu huiunguza nyama changa.

Makala ijayo, inshallah, itahusu chakula cha wiki ya kwanza, na nyuzi zipi huyeyuka zenyewe na zipi hutolewa na daktari.