Begi la Hija Likibaki Jeddah

Watu hujiwekea akiba kwa miaka mingi ili waende Hija. Kwenda huwa kumepangwa vizuri. Kurudi ndiko kwenye purukushani. Mahujaji wa dunia nzima huondoka Jeddah na Madina ndani ya wiki chache, kila mmoja na tende, misala na zawadi za jamaa. Ndege huchelewa, mabegi huachwa. Hujaji hufika Mombasa au Dar es Salaam akiwa hoi, begi halionekani, anaambiwa, "Rudi kesho, Hajjat." Naye huondoka mikono mitupu, hata karatasi hana.

Sheria inayomlinda ni Mkataba wa Montreal wa 1999, uliokuja kuchukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa 1929. Tanzania, Kenya na Saudi Arabia zote ni wanachama. Kwa mujibu wake, begi ulilolikabidhi kaunta liko chini ya dhamana ya shirika la ndege. Likipotea au kuharibika likiwa mikononi mwake, huna haja ya kuthibitisha nani alizembea.

Kinachowaponza wengi ni muda. Begi likifika limepasuka au limepunguka, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kabisa hadi siku 21 zipite tangu siku lilipotakiwa kufika, una haki ya kudai fidia ya begi lililopotea. Kesi nayo ifunguliwe ndani ya miaka 2. Ikipita, haki imekufa. Malalamiko ya mdomo kwa kijana wa kaunta hayahesabiki, hata akikujibu kwa upole namna gani. Kabla ya kutoka uwanjani, jaziwa fomu ya taarifa ya tatizo la mzigo, ambayo wafanyakazi huiita PIR, kisha uandike barua au baruapepe kwa shirika lenyewe. Tunza kibandiko cha begi, tiketi na risiti za vitu ulivyolazimika kununua.

Fidia ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo tu: utalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Aliyebeba kitu cha thamani zaidi anaweza kutamka thamani yake wakati wa kukabidhi begi, na kulipa ada ikihitajika. Dhahabu, dawa na nyaraka zisitoke mkononi.

Zamzam nayo ina kanuni zake. Mashirika mengi huipokea ikiwa imefungashwa peke yake kwenye boksi maalumu la lita 5, na hukataza kuichomeka ndani ya begi. Ukiificha kati ya nguo ikavuja, usitarajie fidia: mkataba hauwajibishi shirika kwa uharibifu unaotokana na hali ya mzigo wenyewe.

Ndege ikichelewa, abiria anaweza kudai hasara aliyoipata, hadi SDR 6,303. Shirika hujinasua likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuepusha hasara hiyo. Dhoruba ya mchanga inaweza kuwa utetezi. Kuuza viti kupita idadi, vigumu.

Wengi hukata tamaa wakidhani watalazimika kwenda kushtaki huko Saudi Arabia. Sivyo. Mkataba unaruhusu kesi kufunguliwa mahali ambapo safari inaishia, na kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari ni pale ulipoanzia. Aliyetoka Mombasa akarudi Mombasa anaweza kufungua kesi nchini Kenya. Na kama alibadilisha ndege Addis Ababa kwa tiketi moja yenye mashirika mawili, anaweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipopotea.

Kwa hiyo taasisi ya Hija ikikwambia, "Tuachie sisi tutafuatilia," waachie wafuatilie, lakini barua yako iende leo. Siku 7 na siku 21 hazisimami kwa sababu kuna mtu aliyekuahidi kupiga simu.