Flamingo hawana msimu

Kila likizo ya shule inapokaribia, naulizwa swali lile lile: flamingo wanafika Nakuru mwezi gani? Hakuna mwezi. Anayekuuzia safari ya "msimu wa flamingo" anakuuzia kitu kisichokuwepo. Inaniudhi kuona familia imetoka Kisumu au Mombasa, imelipa kiingilio na gari, halafu watoto wanarudi nyumbani wakiamini kwamba ziwa limekufa.

Nadhani watu huwachanganya na nyumbu wa Maasai Mara, ambao wanaweza kutarajiwa kuanzia Julai kwa sababu wanafuata mvua na nyasi. Flamingo mdogo, yule wa makundi makubwa ya waridi, hafuati mvua. Anafuata spirulina, kiumbe kidogo mno cha kijani kinachostawi kwenye maji makali ya magadi, na rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho. Ziwa likikauka, chakula kinakwisha. Likijaa kupita kiasi, magadi yanazimuliwa na chakula kinakwisha vile vile. Basi ndege huondoka, mara nyingi usiku, wakaenda Bogoria, Elementaita, Magadi au Natron, popote palipo na mlo siku hizo.

Historia yenyewe inatosha kuizika imani hii ya msimu. Zamani Ziwa Nakuru liliwahi kuwa na flamingo zaidi ya milioni moja. Ukame wa katikati ya miaka ya 1990 ulipolikausha, walihama. Maji yaliporejea, nao wakarejea. Kisha, kuanzia mwaka 2010 hivi, maji yakaanza kupanda. Eneo la ziwa likatoka takriban kilomita 40 za mraba hadi kupita 60 kufikia 2020, lango kuu la mbuga likafunikwa, na watu wa mtaa wa Mwariki wakapoteza nyumba zao. Ukali wa maji ukashuka, spirulina ikapungua, na sehemu kubwa ya ndege ikahama. Miaka yote hiyo Julai ilikuja na kupita kama kawaida, wala haikuwarudisha.

Wapo wanaonibishia kwamba ndege hawa huenda Tanzania kuzaa kisha hurudi nyumbani. Ni kweli Natron ndiko wanakozalia hasa katika Afrika Mashariki. Lakini hawazai kila mwaka, na hawana tarehe ya kuanza: husubiri maji yafikie kiwango kinachoacha tope la kujengea viota huku kikiwazuia fisi na mbweha kufika. Wakishalea, huenda penye chakula. Nakuru si nyumbani kwao zaidi ya Bogoria.

Imani hii ina madhara. Dereva aliyeahidi flamingo, akakuta kundi dogo limetulia mbali, hupiga honi au kurusha mawe ili waruke na wageni wapate picha. Ndege huyu hula kwa kuchuja, mdomo umepinduliwa, kwa saa nyingi, ili apate kushiba. Kumrusha ni kumnyima mlo na kumchosha kwa pamoja. Dereva wako akifanya hivyo, mwambie aache papo hapo, kisha mripoti kwa askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Sasa safari yenyewe. Siku mbili kabla ya kuondoka, piga simu kwa mwongozaji anayeishi kando ya ziwa umuulize ndege wako wapi wiki hiyo. Wakiwa Bogoria, nenda Bogoria, ila kaa mbali na chemchemi zake. Maji yale yanachemka. Wakiwa Elementaita, ni karibu na barabara ya Nairobi, na huko utakuta pia wari weupe wakizaliana. Bado unataka Nakuru? Nenda, inafaa sana: zaidi ya aina 450 za ndege zimeorodheshwa humo, furukombe, minandi na wari wengi, pamoja na faru. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka ndege wa ufukweni kutoka Ulaya na Asia, hao ndio wenye msimu. Lipa kupitia eCitizen kabla hujafika, uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, chukua darubini ya 8x42, na usishuke garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa. Anayetaka mashua aende Baringo, akijihadhari na viboko na mamba. Anayetaka kutembea au kuendesha baiskeli aende Hell's Gate, Naivasha, na abebe maji ya kutosha.