Kwacha, Shilingi na Dola Kwenye Kapu Moja

Pale Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi, mfanyabiashara wa mchele hahitaji kufundishwa kwamba fedha moja inaweza kuwa na bei mbili. Ipo ya benki na ipo ya barabarani kwa wabadilisha fedha, na tofauti yake yatosha kumeza faida ya safari nzima. Mchele huohuo ukihamia kwenye duka la mtandaoni, hesabu inaachiwa programu, nayo kwa kawaida inaijua bei ya benki tu.

Tuchukulie mfuko wa kilo tano wa mchele wa Kyela unauzwa shilingi 17,500. Dola ikiwa shilingi 2,500, mfuko huo ni dola 7. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na hadi 2025 kiwango rasmi kilikuwa bado kama kwacha 1,750 kwa dola. Duka linalojibadilishia bei lenyewe litamwonyesha mteja wa Karonga, upande wa Malawi, kwacha 12,250. Hesabu haina kasoro. Ila mtaani dola ilikuwa imepaa kupita hapo zaidi ya maradufu. Hata tukisema kwacha 3,500 tu, muuzaji akizipokea zile 12,250 na kwenda kuzibadilisha barabarani, atarudi na shilingi 8,750. Nusu ya mchele ameigawa bure, na mteja hana kosa lolote.

Ndiyo maana mwenye duka atenganishe mambo mawili ambayo programu nyingi huyaweka jirani: sarafu ya kuonyesha na sarafu ya kutoza. Mteja anaweza kuonyeshwa kwacha ili ajue anaelekea kutumia kiasi gani, kisha malipo yakakatwa kwa shilingi, na benki au mtandao wake wa simu ukabadilisha kwa kiwango chake. Hilo liandikwe waziwazi kabla hajabonyeza kitufe cha kulipa, la sivyo atadhani ameibiwa.

Sheria nayo ina neno. Kanuni zilizoanza kutumika Tanzania Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Nyumba ya wageni ya Matema inayopokea watalii haina budi kuweka shilingi mbele.

Kwa wateja walio nje ya nchi, kuna wanaoona bora waandike bei ya dola kwa mkono na kuiacha hapo. Mei 2025 dola ilikaribia shilingi 2,700. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Bidhaa ya dola 20 iliyokuwa ikiingiza karibu shilingi 54,000 ikawa haifiki 50,000, na mkulima, mfungashaji na mwenye basi wote wanadai shilingi zao zilezile. Wakulima wa kakao wa Kyela wameuzoea mchezo huu: bei ya dunia hupangwa New York kwa dola na London kwa pauni, wao wanalipwa kwa shilingi. Kwa duka dogo, lililo salama ni kupitia kiwango kila wiki na kuongeza asilimia chache za tahadhari.

Mwonekano wa tarakimu hupuuzwa, kumbe huuza au hufukuza. WooCommerce, programu inayotumiwa na maduka mengi, huja na desimali mbili, na mteja anakutana na 17,500.00. Senti hazipo tena mifukoni. Sarafu ndogo inayozunguka ni ya shilingi 50. Desimali ziwekwe sifuri. Koma nayo ina mambo yake: Mjerumani huitumia kutenga desimali, hivyo 17,500 kwake inaweza kusomeka kumi na saba na nusu. Kutanguliza TZS, alama ya kimataifa ya shilingi yetu, humzindua. Na bei iliyobadilishwa ikitoka 17,483, irekebishwe hadi 17,500. Programu nyingi zina sehemu ya kuamuru hivyo.

Linalosahaulika mara nyingi ni marejesho. Mteja akirudisha mzigo baada ya wiki mbili, kiwango kimeshasogea, na ugomvi huanzia hapo. Kila oda ihifadhi kiwango kilichotumika siku ya kununua, na risiti ikitaje pamoja na kiasi kwa shilingi.