Goma, mahali pa kutua mizigo

Juni 1894 msafara wa Gustav Adolf von Götzen, uliotoka Pangani Desemba ya mwaka uliotangulia, ulifika kaskazini mwa Ziwa Kivu. Ulikuwa umeikata Rwanda kutoka mashariki hadi magharibi na kupokewa na mfalme wake, Mwami Kigeri Rwabugiri. Wanahistoria humkumbuka Mjerumani huyo kwa kuupanda mlima Nyiragongo na kuchungulia kinywa cha volkano. Wapagazi wake walikuwa na shughuli nyingine za kufikiria: mbele yao ulisubiri msitu mkubwa wa Kongo, na haikuwa busara kuuingia msitu huo na matumbo matupu na miguu yenye vidonda.

Ndiyo maana, katika njia za misafara, siku ya kutotembea ilikuwa na kazi zake. Mpagazi wa pembe za ndovu alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi kidogo, bila kuhesabu mkeka wake, chungu na chakula chake mwenyewe. Posho ilipimwa kwa kibaba. Mkipita porini siku kadhaa bila kijiji, posho hiyo ilibidi inunuliwe, itwangwe na kufungwa kabla ya kuondoka, na hilo halifanyiki jioni moja baada ya mwendo wa saa sita. Siku hiyo ndiyo mitumba iliyolowa ilifunguliwa na kuanikwa, nyayo zikatibiwa, na wagonjwa walioachwa nyuma wakasubiriwa. Kiongozi aliyewanyima watu wake mapumziko aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wabebaji wametoroka. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857, walikaa zaidi ya mwezi mmoja. Wenyeji wao Waarabu hawakuona ajabu yoyote.

Goma imerithi kazi hiyo ya kituo cha mapumziko, ingawa mizigo sasa huja kwa lori.

Sababu ni ya kijiografia. Mji umebanwa kati ya volkano na ziwa, na tangu mapatano ya mipaka ya 1910 umebanwa pia na mpaka: Goma upande wa Kongo, Gisenyi upande wa Rwanda, nyumba kwa nyumba. Barabara ya Rutshuru inashuka kutoka kaskazini, ya Masisi inaingia kupitia Sake, na kusini moja kwa moja ni maji ya kwenda Idjwi na Bukavu. Basi karibu kila kinachofika Goma hubadilisha chombo. Gunia la viazi linashuka kwenye lori, linapanda chukudu, linapelekwa gatini, linaingia mtumbwini. Anayesafirisha hana budi kungoja, na pale watu wanapongoja pataota mama muuza chakula, fundi wa matairi na nyumba ya kulala wageni.

Chukudu chenyewe kinastahili kutazamwa na mgeni mwenye siku moja ya bure. Ni baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, iliyochongwa kwa shoka na panga, magurudumu yake yakivishwa mpira wa tairi kuukuu. Dereva huweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine ukisukuma ardhi. Penye mteremko hupanda akajiachia na mzigo wa mamia ya kilo, breki yake ikiwa kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Mboga za Kibumba hushuka hivyo alfajiri. Mji umekijengea chombo hicho sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na kwa kweli ni vigumu kutaja sanamu nyingine Afrika ya Kati inayostahili kuliko hiyo.

Mgeni huyo ataona pia kwamba ardhi ni nyeusi na kuta za viwanja zimejengwa kwa mawe ya lava. Januari 17, 2002 Nyiragongo ilipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Mei 22, 2021 lava ilisimama pembezoni, upande wa Buhene. Mwamba huo una matundu mengi, mvua huzama papo hapo, na kwa hiyo mji huu wenye mvua nyingi hauna mto wala kijito. Maji ya kuoga ya msafiri yametekwa ziwani, mara nyingi yakabebwa katika madumu ya lita 20. Ayatumie kwa adabu.

Chakula cha mapumziko ni sambaza, visamaki vyembamba kama kidole, vikikaangwa na kuliwa na bugali na lengalenga. Havikuwa vya ziwa hili: vililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu ilikuwa na samaki wachache. Huvuliwa usiku kwa taa, wavuvi wakiunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu.

Kwa wanaotaka kupanda Nyiragongo, nyakati ambazo Hifadhi ya Virunga inaruhusu, siku ya Goma ni ya mwili. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kilele kiko mita 3,470. Aliyetoka pwani juzi akalala hapa hata usiku mmoja anaupa mwili nafasi ya kuanza kuzoea hewa nyepesi.

Mengi yamevurugika. Mapigano yalipoikata barabara ya Minova, magharibi mwa ziwa, mapema 2024, abiria walihamia majini, na Oktoba 3 mwaka huo meli ya Merdi ikazama ikikaribia kutia nanga katika bandari ya Kituku, watu wengi wakafa wakiwa wanauona mji. Waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki nazo zikafunga milango, wenyeji wakabaki na uhaba wa noti. Hadi wakati huo wengi waliotua mizigo hapa walikuwa watu waliokimbia makwao, na kungoja kwao hakukuwa na tarehe.

Liko jambo moja ambalo kila mgeni aelezwe kabla hajatafuta kivuli cha kujinyoosha. Magharibi mwa mji, kuelekea Ziwa Kijani, Bulengo na Mugunga, yako mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini. Wenyeji huyaita mazuku. Hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, haionekani, na hutuama chini usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuvuka salama pale ambapo mbuzi ameanguka, kwa sababu pua yake iko juu zaidi. Mtoto hawezi, wala aliyelala. Hivyo mkeka hutandikwa mahali palipoinuka, penye upepo, na kwanza huulizwa wanaochunga mifugo hapo.